Ulimi Unasemaje

Nimestaafu sasa, naishi kwangu Pasiansi, lakini saa kumi na moja na nusu alfajiri macho yananifunguka yenyewe. Hakuna wa kumwamsha. Hakuna wa kumtafutia soksi ya pili. Nakaa ukingoni mwa kitanda nikisikiliza jogoo wa jirani na pikipiki za kwanza zikienda mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, kuchukua dagaa, na ninachokisubiri hakiji. Nasubiri miswaki arobaini isugue meno kwa wakati mmoja.

Ni sauti ndogo, na asiyewahi kuisikia asinicheke. Ilianzia upande mmoja wa karo refu la kunawia, kwa wakubwa waliowahi kuamka, ikasambaa taratibu hadi mwisho, kama manyunyu yanavyoanza kwenye bati la jikoni kabla hayajafika la sebuleni. Katikati yake mmoja alikohoa, mwingine alitema, mwingine alimlalamikia mwenzake kwamba amemrushia povu. Miaka yote ile niliisikia nikiwa nimesimama na kandambili zangu kwenye sakafu iliyolowa, nimenuna, nikiwaza uji usiungue. Leo natamani niisikie tena hata kwa dakika moja.

Nilikuwa matroni wa bweni la watoto wasioona, katika shule moja ya msingi upande wa barabara ya Shinyanga. Wengine walikuwa hawaoni kabisa, wengine waliona mwanga na vivuli tu. Kazi yangu ilikuwa kuwaamsha, kuhakikisha wameoga, wamekula, wamevaa shati ambalo halijageuzwa nje ndani. Mambo ya meno hakuna aliyenitajia. Niliyakuta mwenyewe, wiki yangu ya kwanza, mtoto mmoja alipolia usiku kucha kwa jino na asubuhi nikagundua kwamba mswaki aliokuwa akiutumia walikuwa wanautumia watatu.

Nikajiapiza kuwafundisha. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nikikasirika sharti nifanye kitu, na siku hiyo nilichofanya ni kuwapanga wote karoni, nikasimama mbele yao na mswaki wangu mkononi, nikasema kwa sauti ya mamlaka:

"Haya, tazameni mimi ninavyofanya."

Kimya. Kisha kivulana cha darasa la pili kikajibu kwa adabu zote, "Tunatazama, Matroni." Karo lote likavunjika kwa kicheko. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikacheka na mimi, maana ningefanya nini.

Lakini ndivyo nilivyofundishwa. Mama yangu, kule Ukerewe, alikuwa akikata kijiti, anakitafuna ncha hadi kinakuwa laini kama brashi, ananiambia nitazame. Nikatazama, nikajua. Sikumbuki aliwahi kunieleza kitu kwa maneno. Sasa nilikuwa na watoto arobaini ambao hilo neno moja la mama yangu halikuwafaa, na nilihisi nimefika kazini mikono mitupu. Sikuwa peke yangu katika ujinga huo. Mwaka huohuo wageni walituletea bango kubwa la rangi lenye picha ya mtoto akipiga mswaki kwa hatua nane. Tulishukuru sana, tukalipigilia kwenye dirisha la stoo lililokuwa halina kioo.

Basi nikaanza upya. Niligundua kwamba huwezi kusimama mbele ya mtoto asiyeona na kumfundisha, maana mkono wako wa kulia ni wa kushoto kwake, na mswaki unaomjia mdomoni bila taarifa ni sawa na kofi. Unasimama nyuma yake. Kwanza unampa mswaki aushike, aupitishe kwenye kiganja, kwenye shavu, aujue. Kisha unaweka mkono wako juu ya wake, mgongo wake ukiegemea tumbo lako, na mnasugua pamoja mpaka mkono wake unaanza kuuongoza wako. Kuna siku unahisi kabisa kwamba wewe sasa unabebwa tu. Hapo unaachia. Mpaka leo tumbo langu linakumbuka vichogo vyao.

Dawa ya mswaki tulijifunza kuiminya kwenye ncha ya kidole, kiasi cha punje ya kunde, kidole kikajua kiasi, ndipo ikapakwa kwenye mswaki. Kabla ya hapo ilikuwa ikienda ukutani, kwenye mashati, na mara moja kwenye sikio. Kwenye mpini wa kila mswaki nilichoma kwa ncha ya msumari wa moto vishimo vya herufi ya kwanza ya jina la mwenyewe, kwa mpangilio wa nukta nundu. Nukta nundu za kweli huinuka, zangu zilizama, lakini vidole vyao havikulalamika. Tangu hapo hakuna aliyetumia mswaki wa mwenzake, na aliyejaribu alishitakiwa kabla hajafungua mdomo.

Ikabaki shida ya njia. Mtoto alijua kusugua, lakini hakujua alikopita na alikobakiza. Watoto hawa waliijua Mwanza kwa masikio, kwa makonda wanaotaja vituo. Kwa hiyo mdomo tukaugeuza barabara. Taya la chini, gego la mwisho kulia, hapo ni Buhongwa. Unakuja Nyegezi, unapita Mkuyuni, unafika mjini ambako ni meno ya mbele, unaendelea Kirumba, unamalizia Pasiansi kwenye gego la mwisho kushoto. Taya la juu linaanzia Buswelu, linapita Nyakato, mjini tena, kisha unapanda kivuko hadi Kamanga. Kila kituo unasugua mara kumi. Ukimaliza kwa nje unageuza unarudi kwa ndani, halafu unapita juu, yanakotafunia.

Kosa kubwa kuliko yote likawa kuishia mjini, yaani kusugua meno ya mbele tu, yale yanayoonekana, ukaacha ya nyuma yajijue. "Huyu ameishia mjini, Matroni, nimemsikia," mmoja alikuwa akisema, na kweli alikuwa amesikia, maana mswaki ukifika magegoni unabadilika sauti. Nami nilikuwa nikitoa hotuba kali sana dhidi ya watu wanaoishia mjini. Sikuwaambia kwamba mimi mwenyewe, kwa haraka za asubuhi, nilikuwa mmoja wao, na kwamba pale Buhongwa kwangu kulikuwa na mapengo mawili.

Jambo la mwisho nililowafundisha ndilo nililojivunia kuliko yote. Mimi nikitaka kujua kama meno yangu yamesafika, natazama kioo. Wao nikawaambia kioo chao ni ulimi. Ukipitisha ulimi, jino safi linateleza kama sahani iliyooshwa. Jino lisilosafishwa lina kitu laini kimelifunika, na watoto wenyewe wakakipa jina: jino limevaa sweta. Basi kila asubuhi baada ya karo walipanga foleni mlangoni mwa chumba cha kulia, mimi nikiwa na tochi, na maneno yalikuwa yaleyale kila siku.

"Umepiga mswaki?"

"Nimepiga."

"Ulimi unasemaje?"

"Unateleza."

"Nenda ukanywe uji."

Tochi ilikuwa ya nini, kama ulimi ndio kioo? Hilo hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza.

Mwaka mmoja nilikwenda likizo mwezi mzima kumuuguza mama, na niliporudi nikamkuta msichana mgeni. Alikuwa na miaka kama kumi, ametoka ndani kabisa upande wa Mara, mbali na ziwa, kwenye vijiji vya maji ya visima. Nilikijua kicheko chake kabla sijamjua yeye. Niko getini bado na begi langu nikasikia mtoto anacheka bwenini, kicheko cha mdomo wazi, kinachoanzia tumboni na kukatika ghafla ili avute pumzi, na wenzake wote wakimfuata. Alikuwa akiwasimulia habari za ng'ombe wa babu yake aliyeingia kanisani wakati wa sadaka. Wenzake walikuwa wameshamfundisha barabara yote, Buhongwa hadi Kamanga, na nyimbo za karoni alizijua kuliko waliomtangulia.

Asubuhi iliyofuata ikafika zamu yake kwenye foleni. "Shikamoo, Matroni mgeni," akasema, maana kwake mgeni nilikuwa mimi. Nikamwitikia marahaba. Akafungua mdomo. Nikamulika tochi.

Meno yalikuwa ya kahawia. Si jino moja wala mawili, yote, kahawia iliyokolea, mengine yakiwa na madoa meupe ya chaki. Nilihisi hasira ikinipanda, kwa sababu niliona kazi yangu yote imechezewa kwa mwezi mmoja tu nilioondoka.

"Hujapiga mswaki wewe."

"Nimepiga, Matroni."

"Ulimi unasemaje?"

Nikamwona anapitisha ulimi polepole, kwa makini, kama anayetafuta kitu kwenye rafu. "Unateleza," akasema.

"Ulimi wako ni mwongo. Rudi karoni."

Alirudi. Akaja tena, nikamulika tena, nikamrudisha tena. Mara ya tatu foleni nzima nyuma yake ilikuwa inasikiliza. Hapo ndipo nikasema maneno ambayo nikiyakumbuka nikiwa peke yangu hapa Pasiansi huwa natikisa kichwa kwa nguvu, kana kwamba yatadondoka. Nilisema, "Mtoto wa kike meno machafu, ya kahawia namna hii. Nani atataka kukaa karibu na wewe?"

Watoto wasioona hawana njia ya kujua rangi ya meno ya mwenzao. Waliijua kwangu. Asubuhi hiyohiyo alipokaa kwenye benchi kunywa uji wake uliokwisha kupoa, wawili waliokuwa kando yake walisogea. Niliwaona. Nikajiambia vizuri, atajifunza.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Kila asubuhi namrudisha, kila asubuhi anarudi bila kubisha. Kicheko kikakatika. Akiongea, aliongea na kiganja mdomoni. Hadithi za ng'ombe wa babu zikaisha, na wakati wa kulala alijifunika shuka gubigubi. Mimi nikaona nidhamu imeingia. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kuwa karibu na mtoto kila siku na asimwone, na macho anayo mawili mazima.

Mpishi wetu ndiye aliyenishitua. Alikuwa mama wa Kisukuma mwenye maneno machache. Siku moja akanivuta pembeni, akaniita mama kwa lugha yake.

"Mayu, yule binti wako anakujaga huku nyuma kuniomba majivu. Nikafikiri ya kuoshea sufuria. Kumbe sivyo."

Nilizunguka nyuma ya jiko. Alikuwa amechuchumaa ukutani na kopo la majivu, mkononi ana kipande cha stilwaya cha kusugulia masufuria, anasugua meno kwa mpangilio, kituo kwa kituo, akihesabu kumi kumi kama nilivyofundisha. Chini, mbele ya miguu yake, alikuwa akitema damu. Nikamshika mkono. Alijua mara moja ni mimi, kwa harufu ya sabuni yangu, na wala hakushtuka. Alinigeuzia uso, akafungua mdomo, fizi zimechubuka zote, akauliza:

"Bado hayajawa meupe, Matroni?"

Nilikaa chini kwenye majivu na sare yangu. Yeye akabaki amefungua mdomo, anasubiri tochi.

Kesho yake nikampeleka hospitali mjini. Daktari wa meno alikuwa binti mdogo tu, wa umri wa kuwa mwanangu, na kabla hajamwambia mtoto afungue mdomo alimwambia jina la kila kifaa na kumpa akishike. Nikaona wivu kidogo. Kisha akatazama, akamuuliza kwao ni wapi, na maji ya kwao wanachota wapi.

"Kisimani," mtoto akasema.

"Tangu mdogo?"

"Tangu nazaliwa."

Daktari akaniinulia macho. "Mama, haya si uchafu. Maji ya visima vya upande ule yana madini mengi ya floridi. Jino linaota likiwa tayari na rangi hii. Anaweza kusugua mpaka uzee, rangi haitoki. Meno yenyewe ni masafi kuliko ya watoto wengi ninaowaona hapa. Kinachoniumiza ni hizi fizi. Nani amemwambia ana meno machafu?"

Nikasema, "Watu."

Mtoto alikuwa pale kitini, mdomo wazi, na kifaa cha chuma kimekaa juu ya ulimi uleule niliouita mwongo. Alinisikia. Hakutikisika hata kidogo. Njia nzima ya kurudi aliniacha nimshike mkono.

Nilikulia kwenye malezi ambayo mtu mzima hamwombi mtoto radhi. Humwongezea nyama. Siku ya kwanza nikamwekea sukari vijiko viwili zaidi kwenye uji. Siku ya pili nikampa kandambili mpya. Siku ya tatu aliniita kwa adabu, kiganja mdomoni, akasema, "Matroni, uji wangu una sukari nyingi. Umesema sukari inaharibuga meno." Akanisogezea kikombe.

Nilijua basi kwamba sina pa kutokea. Nilikuwa nimemuaibisha mbele ya wote, na kumwita pembeni kumnong'oneza pole kungekuwa ni kumwibia heshima yake mara ya pili. Asubuhi ya nne, foleni ilipokuwa imenyooka, nikazima tochi, nikasema kwa sauti ambayo hata mpishi alitoka jikoni kusikiliza. Niliwaambia kwamba meno ya mwenzao ni masafi na siku zote yalikuwa masafi. Kwamba yana rangi yake ya kahawia kwa sababu ya maji ya kwao, kama vile mimi nilivyo mweusi na jirani yangu ni maji ya kunde. Kwamba ulimi wake ulisema kweli na macho yangu ndiyo yaliyosema uongo. Kisha nikamwambia yeye, "Nimekukosea, mwanangu. Na hospitali nilidanganya. Hawakuwa watu. Nilikuwa mimi."

Sijui nilitegemea nini. Labda alie, nimkumbatie, yaishe.

"Kahawia ni rangi gani?" akauliza.

Nilihangaika. Hakuwahi kuona rangi yoyote tangu azaliwe. Nikamwambia, "Ni rangi ya chai ya maziwa."

"Chai ya maziwa ni tamu."

"Ndiyo."

"Sasa ulikasirikia nini?"

Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua kweli. Watoto arobaini walikuwa wametega masikio, na jibu la swali hilo nalitafuta mpaka leo. Nikamwambia, "Nenda ukanywe uji."

Tangu siku hiyo tochi niliiweka kabatini, nikiitoa mara moja tu kwa wiki, kutafuta meno yaliyotoboka. Siku nyingine zote nilichukua neno la ulimi wa kila mtoto kama lilivyo. Nilidhani watanidanganya wapate uji wa moto. Wapo waliojaribu, siwezi kuwasifia uongo. Lakini mara nyingi nilishangaa mtoto akifika mbele yangu, anapitisha ulimi, anasita, anasema mwenyewe, "Kamanga yamevaa sweta, Matroni," na kugeuka kurudi karoni bila kutumwa.

Fizi zake zilipona ndani ya mwezi. Waliosogea kwenye benchi walirudi, watoto hawana kinyongo kirefu. Hadithi za ng'ombe nazo zilirudi. Ila kiganja hakikutoka mdomoni. Akicheka, alicheka nyuma ya mkono, kicheko kilichobanwa, na kile cha siku niliyokisikia nikiwa getini sikukisikia tena. Nilikisubiri. Nilimchekesha kwa makusudi, mimi mtu wa kununa, hadi wenzake wakashangaa nimepatwa na nini. Alipanda darasa la nne, la tano, la sita. Mkono ulikuwa palepale. Nilikuja kukubali kwamba kuna kitu nilikivunja, na kwamba kuomba radhi ni lazima lakini hakurudishi kila kitu.

Asubuhi yangu ya mwisho kazini yeye alikuwa darasa la saba, mrefu kunipita, ndiye kiranja wa bweni. Niliamka nimechelewa kwa sababu ya kulia. Nikanawa uso harakaharaka, nikapitisha mswaki mara mbili tatu, nikatoka. Walikuwa wameshamaliza karo na foleni imenyooka, lakini mlangoni mahali pangu alikuwa amesimama yeye.

"Shikamoo, Matroni. Leo wewe utapanga foleni."

Nikapanga. Nikasimama nyuma ya watoto wa darasa la kwanza, nikasogea hatua kwa hatua mpaka nikafika mbele yake. Alikuwa ameifunga mikono mgongoni, kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

"Umepiga mswaki?"

"Nimepiga."

"Ulimi unasemaje?"

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, neno moja tu, na foleni nzima ilikuwa inalisubiri. Nikapitisha ulimi. Mbele kulikuwa kunateleza. Nikaenda nyuma, nikapita Mkuyuni, nikafika Nyegezi.

"Yamevaa sweta," nikasema. "Niliishia mjini. Huwa naishia mjini. Miaka yote."

Kimya kikawa kama kile cha siku ya kwanza, niliposema tazameni. Kisha akacheka. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikakatika ili avute pumzi, kikaendelea, na mikono yake yote miwili ilikuwa bado mgongoni. Meno yake yote ya chai ya maziwa yalikuwa nje, na foleni yote ikaangua kicheko nyuma yangu, na mimi nililia pale waziwazi kwa sababu niliona raha.

Alipoweza kuongea akasema, "Rudi karoni, Matroni. Tutakusubiri."

Nilirudi. Nilisugua Buhongwa penye mapengo yangu, Nyegezi, Mkuyuni, mjini, Kirumba, Pasiansi, nikahesabu kumi kumi, nikageuza kwa ndani, nikapanda kivuko hadi Kamanga. Ilichukua muda. Niliporudi foleni ilikuwa imeshaingia ndani, wote wameketi, na hakuna aliyegusa kikombe. Uji ulikuwa umeanza kuweka utando juu.

"Ulimi unasemaje?" akauliza kutoka alipokaa.

"Unateleza."

"Haya," akasema, akasogea kwenye benchi kunipa nafasi kando yake.